Vali ya Njia Moja: Kidude Kidogo Kinachowaletea Waosha Magari Lawama



Somo letu la safari hii linahusu kidude ambacho wengi wetu tunakitumia kila siku bila kukiona. Ni vali ya njia moja, yaani ile vali inayoyaruhusu maji kwenda mbele na kuyakataza yasirudi nyuma. Tumelichagua kwa sababu tumepokea malalamiko ya vijana wanaoosha magari hapa Awindiri, na mengine yametoka Koboko, na karibu yote yana sura moja: mtambo umeharibika au sabuni imepungua, tajiri amekasirika, na malipo yamekatwa. Tulipokwenda kutazama tuliona kwamba mara nyingi mkosaji hakuwa kijana wala hakuwa tajiri, bali kipande cha mpira au cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kidole gumba.

Ndugu zetu wa viwandani na wa mashambani wasifunue ukurasa wakidhani somo hili si lao. Vali ya njia moja iko karibu kila mahali panapopita maji, hewa au mafuta. Iko kwenye tyubu ya baiskeli: unapiga pampu hewa inaingia, unaondoa pampu hewa haitoki. Iko kwenye pampu ya mkono ya kisima, ile ya U2 tuliyoizoea katika vijiji vya Uganda. Akina mama wanajua kwamba kuna kisima ambacho asubuhi unapiga mkono mara ishirini ndipo maji yatoke, na kingine kinatoa mara mbili ya kwanza. Kile cha mara ishirini, mara nyingi vali yake ya chini inavuja, na maji yaliyokuwa yamepanda bombani yameshuka yote usiku. Iko ndani ya bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa shambani: ukiona mkono wa bomba unapanda wenyewe baada ya kuusukuma, ujue vali kati ya silinda na chumba cha presha imechoka. Iko kwenye boila ya kiwanda, katikati ya pampu ya kulishia maji na boila yenyewe, ili maji ya moto yasirudi kumkuta mtu wa pampu. Hata moyo wa binadamu una vali nne za namna hiyo hiyo, na mtu ambaye vali yake inavuja huhema akipanda kilima kidogo tu.

Basi anayeielewa vali ya mashine ya kuoshea magari ameielewa na ya kwake.

Ndani yake hamna mambo mengi. Kuna kitako, ambacho ni tundu la mviringo lililosuguliwa likawa laini. Kuna kifuniko, ambacho huwa gololi, au kisahani, au kipande cha mpira. Na kwa kawaida kuna springi dhaifu ya kukirudisha kifuniko kwenye kitako. Maji yakisukuma kutoka mbele ya kitako, springi inakubali na njia inafunguka. Yakitaka kurudi, yanakikandamiza kifuniko juu ya kitako, na kadiri yanavyosukuma kwa nguvu ndivyo mlango unavyozidi kujibana. Kidude hiki kina namna mbili tu za kuharibika: kukataa kufunguka na kukataa kufunga. Kikikataa kufunguka utajua mara moja kwa sababu maji au sabuni haitoki. Kikikataa kufunga, mtambo utaendelea kufanya kazi kwa siku nyingi, huku uharibifu ukitendeka mahali pengine, na hapo ndipo mtu asiye na kosa huanza kuulizwa maswali.

Katika nchi za Ulaya na Marekani kuna vituo ambako mwenye gari hutia sarafu kwenye sanduku na kujioshea mwenyewe. Anashika bunduki moja, lakini nyuma yake yameungana mabomba kadhaa: la maji matupu ya presha kubwa, la sabuni, la povu, na pengine la nta. Kila bomba limewekewa vali yake karibu na mahali yanapokutana, maana bila vali hizo maji ya presha kubwa yangeisukuma sabuni irudi mpaka kwenye tangi lake. Hapa kwetu mwenye gari huketi kivulini akinywa chai, na anayeshika bunduki ni kijana anayelipwa kwa hesabu ya magari. Magari yenyewe yametoka Ariwara upande wa Kongo, au Juba kwa njia ya Oraba na Koboko, au vijijini kwenye udongo mwekundu, na kila moja limebeba vumbi la safari yake. Lakini yanayotendeka ndani ya mabomba ni yale yale. Tuna pampu yenye plunja tatu, inazungushwa na injini ya petroli au mota ya umeme, inavuta maji kwenye pipa na kuyasukuma kwenye bunduki, na pembeni kuna chombo cha sabuni chenye mpira mwembamba unaoingia kwenye njia ya maji. Palipo na mpira huo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia.

SABUNI INAYOPOTEA USIKU

Kuna kituo kimoja, ambacho hatutakitaja jina, ambako jerikeni ya sabuni iliwekwa juu ya matofali ili iteremke vizuri. Kila asubuhi sabuni ilikuwa imepungua. Vijana wawili walikuwa wakilala pale kulinda mtambo, na mwenye kituo akakata shauri kwamba wanaiuza usiku kwa waosha pikipiki. Akaanza kuwakata malipo ya kila juma.

Sisi tulipofika hatukusema nani mwongo na nani mkweli. Tuliomba jambo moja, kwamba jioni, kazi ikiisha, mwenye kituo mwenyewe apige mstari wa kalamu kwenye jerikeni pale sabuni ilipofikia, mbele ya vijana wote. Asubuhi sabuni ilikuwa chini ya mstari kwa vidole vinne. Wakati watu wanaanza kutazamana, mmoja wetu alifunua pipa la maji lililokuwa chini na kulikoroga kwa mti, likatoa povu. Jioni ya pili tulifanya kama ya kwanza, isipokuwa tuliutoa mpira wa sabuni ndani ya jerikeni na kuutundika msumarini. Kulipokucha mstari na sabuni vilikuwa pamoja.

Maelezo yake ni haya. Wote mmeona jinsi petroli inavyotolewa kwenye tangi la gari kwa mpira: mtu akishaianzisha, petroli inaendelea kuteremka yenyewe maadamu mdomo wa pili wa mpira uko chini zaidi. Sabuni ya kituo kile ilikuwa juu na pipa la maji lilikuwa chini. Mtambo ulipozimwa, sabuni iliteremka kwa mpira wake, ikapita kwenye vali iliyotakiwa kuizuia, ikaingia kwenye bomba la kuvutia maji na kurudi pipani taratibu usiku kucha. Tulipoifungua vali ile tuliukuta ukoko mweupe wa sabuni kavu kwenye kitako, na gololi imekaa upande. Malipo ya juma lile yalirudishwa. Ya mwezi uliotangulia bado tunazungumza.

Kuna na ugonjwa ulio kinyume cha huo. Mahali ambapo sabuni huingizwa mbele ya pampu, kwenye upande wa presha, vali ikivuja maji husukumwa kurudi kwenye chombo cha sabuni. Chombo kinapanda badala ya kushuka, pengine hata kinafurika, na sabuni inakuwa nyepesi kama maji ya kuoshea sufuria. Hapo shutuma huwa kwamba vijana wameiba sabuni nzito na kuongeza maji. Dawa ni ile ile ya mstari wa kalamu, ila safari hii mtu asimame kando ya chombo mchana wakati bunduki inafanya kazi. Akiona mapovu yanatokea kwenye mdomo wa mpira ndani ya sabuni, au usawa unapanda, jambo limekwisha kuthibitika. Mwite mwenye kituo aje aone kwa macho yake.

Na kama sabuni haitoki kabisa, msiilaumu vali kwanza. Tazameni chujio lililo mwisho wa mpira ndani ya sabuni, maana huziba kwa utando. Tazameni mpira wenyewe kama una ufa, kwani ukivuta hewa hauvuti sabuni. Na mitambo mingi ya kuingizia sabuni upande wa presha haivuti ila ukiweka nozeli ya tundu kubwa, ile ya presha ndogo. Kijana anayesahau nozeli nyembamba kwenye bunduki anaweza kufungua mtambo mzima bila kuona kosa.

Jinsi ya kuipima vali ya sabuni ni rahisi. Itoe, isuuze kwa maji mengi, kisha utafute mshale uliochorwa ubavuni, ambao unaonyesha upande maji yanakokwenda. Tumewahi kukuta vali nzima isiyo na dosari iliyofungwa kinyumenyume. Chukua pampu ya baiskeli na kipande cha mpira, sukuma hewa kwa upande wa mshale: lazima ipite. Geuza: lazima ikatae. Ikipita pande zote mbili, ni mbovu au ni chafu. Msipulize kwa mdomo. Baadhi ya sabuni za magari zina magadi makali yanayochoma ulimi na koo. Na ndugu wa mashambani wanaopenda kupuliza kwa mdomo nozeli na vali za bomba la dawa, tunawasihi waache leo.

Vali chafu hulowekwa katika maji ya uvuguvugu, na kama ina ukoko wa chokaa, katika siki, kisha husuguliwa kwa mswaki wa zamani. Msumari na waya visiguse kitako, kwa sababu mkwaruzo mmoja ni njia ya kuvujia siku zote. Kama kipande cha mpira kimevimba na kulegea, hakisafishwi, kinabadilishwa. Mara nyingi kilichokivimbisha ni mafuta. Vijana wengine huchanganya mafuta ya taa au dizeli kwa ajili ya kuoshea injini, na kuyapitisha kwenye mpira wa sabuni. Kuna aina za mpira zinazostahimili mafuta na kuna zinazostahimili magadi, na ule unaostahimili magadi mara nyingi ndio unaovimba kwa mafuta. Mafuta hayo yapakwe kwa brashi, yasipite kwenye mtambo.

Kinga bora haina gharama. Kila jioni mpira wa sabuni utiwe kwenye ndoo ya maji safi na mtambo uvute maji hayo dakika mbili. Sabuni haikauki mahali isipokuwepo.

KABLA YA KUFUNGUA PAMPU

Tunaliweka jambo hili hapa, mbele ya spana, kwa sababu tumeona vijana wanafungua kwanza na kuuliza baadaye.

Mtambo wa kuoshea magari hufanya kazi kwa presha ya bar 100 na kuendelea. Gurudumu la gari dogo lina kama bar 2. Ngozi ya mtu inaweza kutobolewa kwa kama bar 7. Kwa hiyo maji yanayotoka kwenye ufa wa mpira, ambayo pengine huyaoni kwa kuwa ni membamba kama uzi, yana nguvu ya kuingia ndani ya mkono. Usitafute panapovuja kwa kupapasa. Pitisha kipande cha boksi au cha ubao.

Jeraha la namna hiyo linadanganya. Linaonekana kama tundu la sindano, pengine haliumi sana saa ile, na mtu anajifunga kitambaa na kuendelea na kazi. Kumbe maji, mchanga na sabuni vimekwisha kusambaa ndani ya vidole, na baada ya saa chache mkono unavimba na nyama inaanza kufa. Watu wamekatwa vidole kwa ajili hiyo. Aliyepigwa na maji ya presha apelekwe hospitali saa ile ile. Sisi wa hapa tunayo Hospitali ya Rufaa ya Arua. Anayempeleka amwambie mganga waziwazi kwamba ni maji ya mashine ya presha na yalikuwa na sabuni gani, ili asifungiwe plasta akarudishwa nyumbani.

Basi utaratibu ni huu: zima injini na uondoe waya wa plagi, au chomoa umeme. Funga maji. Kisha bonyeza bunduki mpaka isitoke hata tone, kwa sababu mtambo ukizimwa presha bado imefungiwa ndani ya mpira, na aliyeifungia humo ni vali ya njia moja inayofanya kazi yake vizuri. Hapo ndipo ushike spana.

MPIRA UNAORUKARUKA

Ndani ya pampu ya plunja tatu kuna vali sita. Kila plunja ina vali ya kuvutia na vali ya kutolea. Plunja ikirudi nyuma, ya kuvutia inafunguka na ya kutolea inajifunga. Ikienda mbele, zinabadilishana. Vali moja ikikataa kufunga, plunja yake inayatoa maji na kuyarudisha pale pale, na injini inahangaika bure kwa theluthi moja ya kazi yake.

Dalili yake ni mpira wa bunduki kurukaruka kwa kipigo kimoja kimoja, sindano ya geji kutetemeka, na maji kutoka kwa mikupuo. Kama presha imeshuka lakini maji yanatoka sawasawa bila kutetemeka, usifungue pampu. Tazama nozeli kwanza, kwa kuwa huenda tundu lake limeliwa na mchanga na kuwa pana. Nozeli ni kitu cha bei ndogo, na tumeona pampu nzima imetupwa kwa sababu yake.

Lakini kutetemeka peke yake hakutoshi kuihukumu vali, kwa sababu pampu inayovuta hewa hutetemeka vile vile. Kaza mikono ya mpira wa kuvutia, paka grisi nzito kwenye maungio, na usikilize. Kama mlio unabadilika na maji yanatulia, hewa ilikuwa inaingia hapo. Njia nyingine ni kuleta ndoo iliyojaa maji karibu na pampu, juu kidogo yake, na kuilisha kwa mpira mfupi. Ikitulia, ubaya uko kwenye njia ya maji. Ikiendelea kutetemeka, ubaya uko ndani.

Kipimo tunachokipenda kuliko vyote ni cha jerikeni na saa, kwa kuwa hakibishaniki. Kila pampu ina kibati kinachosema inatoa lita ngapi kwa dakika. Tuseme kibati kinasema 15. Ondoa nozeli, elekeza maji kwenye jerikeni ya lita 20, injini iende mwendo wake wa kawaida, na mtu ahesabu. Jerikeni inapaswa kujaa kwa sekunde 80. Plunja moja isipofanya kazi, unapata lita 10 kwa dakika, na jerikeni itajaa kwa dakika mbili kamili. Tofauti ya sekunde 80 na 120 hata mtoto ataiona. Mjue tu kwamba vali inayovuja kidogo inaweza kufaulu kipimo hiki, kwa sababu bila nozeli hakuna presha ya kuisumbua; hiyo itajionyesha kwenye geji.

Ukiridhika kwamba ni vali, fungua vifuniko vya kichwa cha pampu kimoja kimoja. Panga kila vali juu ya kitambaa safi kwa utaratibu uliozitoa, usizichanganye kwenye kopo. Mara nyingi utakuta punje ya mchanga imekaa kitakoni, na hapo kazi ni ya dakika kumi. Pengine utakuta springi imevunjika, au kisahani kimechimbika duara, au plastiki inayoishika springi imepasuka. Kama springi imevunjika tafuta vipande vyote mpaka vitimie, kwa sababu kilichobaki ndani kitaenda kuharibu vali ya jirani. Ringi ya mpira iliyo chini ya kitako isisahauliwe, maana bila hiyo maji yatapita pembeni hata vali ikiwa mpya. Wakati wa kufunga, usiongeze urefu wa spana kwa kipande cha bomba. Kichwa cha pampu ni cha shaba au cha alumini, na nati zake zikiliwa ndipo pampu inapokufa kweli.

Mtambo wako ukiungurumaunguruma huku bunduki imefungwa, unapanda na kushuka kama mtu anayeota ndoto mbaya, hilo ni jambo la vali inayorudisha maji bunduki ikifungwa. Nayo ina vali ndogo ya njia moja ndani yake. Ikivuja, presha inatoroka, mtambo unaijaza tena, inatoroka tena. Tazameni pia bunduki na maungio kama hayadondoshi, kwa kuwa dalili zinafanana.

ASUBUHI PAMPU HAIVUTI

Wanaovuta maji kisimani au kijitoni wana vali nyingine kwenye mguu wa bomba, pamoja na chujio lake. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyo bombani yasishuke mtambo ukizimwa. Ikivuja, kila asubuhi kijana anamimina maji kwa kikombe ili pampu ianze, na kila pampu inapozunguka kavu sili zake zinaungua. Mara nyingi sababu ni jani au tope lililoingia katikati ya kitako. Msiilaze chini kwenye mchanga. Ifungeni kwenye jerikeni tupu inayoelea, ining'inie kama mkono mmoja chini ya uso wa maji, hapo haitavuta takataka za juu wala tope la chini. Na Arua iko zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, ambako hewa ina uzito mdogo wa kuyasukuma maji yapande, hivyo kina anachosema fundi wa Mombasa kwamba pampu yake inavuta, huku kwetu kipunguzwe kidogo.

MAJI YA JIRANI

Jambo hili ni zito kuliko sabuni na kuliko pampu. Vituo vingi hujaza pipa kwa mpira uliofungwa kwenye bomba la maji ya mji, na mdomo wa mpira umezama ndani ya pipa. Maji ya mji yakikatika, bomba linabaki tupu na linaanza kuvuta. Linavuta nini? Linavuta kilicho ndani ya pipa: sabuni, vumbi, na mafuta ya magari. Maji yakirudi, mzigo huo unasukumwa mpaka kwenye bomba la mama jirani anayejaza sufuria ya kupikia.

Vali ya njia moja kwenye bomba hilo ni lazima, lakini kwa hapa msiitegemee peke yake. Tumekwisha kueleza kwamba vali inayokataa kufunga haitoi taarifa. Linalotegemewa ni hewa. Bomba liishie juu ya pipa, kwa nafasi ya angalau mara mbili ya upana wa tundu la bomba, na isipungue upana wa vidole viwili, ili maji yaanguke yenyewe na mdomo usiguse kamwe maji ya pipa. Hewa haina springi ya kuvunjika. Hivyo hivyo kwa ndugu wanaochanganya dawa za shambani: mpira wa maji usizamishwe ndani ya pipa la dawa hata kwa dakika moja.

Na maji machafu ya kituo yasielekezwe mtoni. Mto Enyau umekuwa chanzo cha maji ya bomba ya mji huu kwa miaka mingi. Yachimbiwe shimo la kutuliza tope na mafuta kwanza, na gharama hiyo ni ya mwenye kituo.

KUHUSU MAKATO

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara kwa hasira. Makato yanayokubaliwa yametajwa humo. Aliyekatwa bila haki anaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisa wa Kazi wa wilaya au wa jiji. Sheria ya usalama kazini, ya mwaka huo huo wa 2006, inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi, yaani buti, glavu na miwani. Na anayeumia kazini ana haki ya fidia.

Lakini ofisa yeyote atauliza ushahidi. Ndiyo sababu tunasisitiza daftari. Nunueni daftari moja la shule, liwekwe kituoni, na kila jioni iandikwe: usawa wa sabuni, sekunde za jerikeni mara moja kwa juma, nini kilifunguliwa na nini kilikutwa. Mwenye kituo atie sahihi akipita. Akikataa, iandikwe kwamba amekataa. Tumeona matajiri wakali wakilainika mbele ya daftari, na wengine wamelipenda kuliko vijana wenyewe, kwa kuwa linawaonyesha pampu inachoka lini kabla haijasimama siku ya soko.

Mwisho, kuhusu kununua. Usiende dukani na maneno matupu. Nenda na vali ya zamani mfukoni, na uandike maneno yote ya kibati cha pampu, maana vali mbili zinaweza kufanana kwa macho zikatofautiana kwa nusu milimita, na nusu milimita inatosha kuvujisha. Kwa pampu, nunua seti ya vali sita kama bei inaruhusu. Zilizoanza kazi siku moja huchoka karibu pamoja. Zile za zamani ambazo bado ni nzima zioshe, zipake mafuta kidogo, uzifunge kwenye karatasi na kuziandika. Kwa vali ya sabuni, mwulize muuzaji kama mpira wake ni wa magadi au wa mafuta. Asipojua, nunua mbili, moja uiloweke katika sabuni yenu kwa juma zima kabla ya kuifunga, na uitazame kama imevimba.